Mwezi, Likelemba na Daftari: Kupanga Chakula cha Nyumbani Kando ya Tanganyika

Mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, anayetaka kujua wiki ijayo atakula nini kwa bei nafuu hutazama mbinguni kwanza. Siku za giza, mitumbwi hutoka na taa, ndagala huifuata nuru hadi juu ya maji, na alfajiri samaki hao wadogo hushushwa ufukweni beseni baada ya beseni. Mwezi ukikaribia kujaa, nuru ya taa humezwa na mbalamwezi, ndagala hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu kwa takriban wiki moja wakishona nyavu. Ndagala mbichi hupanda bei, kisha huadimika. Anayemshauri mama wa mtaa wa Kalundu kupanga chakula cha Jumatatu hadi Jumapili anampa kalenda ambayo ziwa lake haliifuati.

Hata hivyo ushauri huo umeenea dunia nzima: andika orodha, nunua mara moja kwa wiki, usiende dukani na njaa, hifadhi kilichobaki. Una asili yake na una faida yake. Hapa nauweka kando ya ujuzi wa pwani ya kaskazini ya Tanganyika, na kando ya mila nyingine mbili tatu zilizofikiria jambo hilohilo kwa uzito. Ninavyoona, mila hizi hazipishani kwa bidii wala kwa akili. Zinapishana katika swali la lini: pesa hufika lini, chakula huwa rahisi lini, na ni nani mwenye uwezo wa kuzikutanisha siku hizo mbili.

Tuanze na ndagala. Aliyenunua beseni la ndagala wabichi siku za giza, wakati kila mtumbwi umerudi umejaa na wauzaji wanashindana kuita wateja, ana saa chache tu kabla joto la bondeni halijaanza kazi yake. Huwaosha, huwatandaza wasilaliane, huwageuza, huwafukuza kuku na kunguru. Jua likiwa kali, jioni wamekakamaa. Kilo tatu hadi nne za mbichi hubaki kilo moja hivi ya kavu, na kilo hiyo italisha nyumba siku zile ambazo ziwa limefunga mkono. Wanaojua kununua huwapima kwa vidole na pua: ndagala mzuri hung'aa rangi ya fedha na huvunjika kwa mlio, aliyeanikwa akiwa amekwisha kuchoka huwa wa kahawia, hulainika, hunuka mafuta, na akianikwa mchangani hukaa na mchanga hadi mdomoni. Msimu wa mvua ndio mtihani, kwa kuwa mvua moja ya alasiri huharibu kazi ya siku nzima pamoja na mtaji wake. Ng'ambo ya pili, Burundi, shirika la FAO lilisaidia wanawake waanikaji kuacha mchanga na kutumia chanja za waya zilizoinuliwa, hewa ipite juu na chini; samaki wakawa wanakauka kwa saa badala ya siku, na waliokuwa wakitupwa kwa kuoza wakapungua. Sijui uwekezaji mwingine wa bei ndogo namna hiyo uliogusa sufuria nyingi kiasi hicho kwenye ziwa hili.

Mpango wa chakula ndio huu, hata kama haukuandikwa popote: nunua siku za giza, anika, kula siku za mwezi. Mawese yana mzunguko wake pia. Yanapoteremka kwa wingi kutoka Fizi, au kuvuka kutoka upande wa Rumonge, mwenye uwezo hujaza bidoni nzima, kwa maana mawese hukaa miezi. Unga wa muhogo, maharagi na mchele wa Bonde la Ruzizi huwa rahisi baada ya mavuno na ghali kabla yake. Mama aliyezaliwa pwani hii anabeba kichwani kalenda tatu au nne zinazozunguka kwa mwendo tofauti.

Sasa tazama namna wengine walivyolikabili swali hili wakiwa mezani. Mwaka 1945 mwanauchumi wa Marekani George Stigler, ambaye baadaye, mwaka 1982, alipata Tuzo ya Nobel, alijiuliza: mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 hivi, anayefanya kazi ya wastani, anaweza kupata virutubisho vyote kwa gharama ndogo kiasi gani? Alipitia vyakula 77, akavipunguza, na jibu lake kwa bei za 1939 likawa dola 39.93 kwa mwaka mzima. Vilivyobaki kwenye orodha vilikuwa vitano: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, mchicha wa kizungu na maharagwe makavu. Mwaka 1947 hesabu ikarudiwa kwa mbinu mpya ya George Dantzig. Makarani tisa wenye mashine za kukokotoa kwa mkono walifanya kazi ya siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Jasho lote lile liliokoa senti 24.

Mama wa Uvira akisomewa orodha ya Stigler ataitambua mara moja. Unga, majani, maharagi. Na mahali pa maziwa, ndagala wanaoliwa wazima na mifupa yao. Bugali, lengalenga au sombe (majani ya muhogo), maharagi na ndagala: kapu hili limepatikana pwani hii bila makarani, kwa vizazi vya wanawake waliolisha watoto kwa kidogo. Na kutokana na hilo linafuata jambo ambalo vitabu vya kubana matumizi havilioni. Familia iliyokwisha kufika kwenye kapu la bei ya chini kabisa haina cha kubadilisha. Ukiiambia iache nyama ile maharagi, imekwisha kufanya hivyo siku nyingi. Ukiiambia iache vitafunwa vya dukani, haikuwa navyo. Kinachoweza kuokoa franga sasa ni wakati wa kununua, kiasi cha kununua kwa pamoja, na moto.

Kuhusu moto Stigler hakusema kitu, kwani alihesabu bei ya dukani tu. Uvira, sombe ni mboga rahisi sokoni na ghali jikoni. Fungu la majani hununuliwa kwa pesa ndogo, lakini hutwangwa hadi yalainike, huchemshwa muda mrefu ili ukali utoke, kisha ndipo huwekwa vitunguu, mawese na ndagala waliosagwa. Makala yanayoteketea hapo yanaweza kuupita kwa bei mzigo wa majani wenyewe. Kwa hiyo mpishi hodari hupanga kwa jiko kabla ya kupanga kwa sahani. Maharagi hulowekwa usiku. Sombe hupikwa sufuria kubwa siku moja, na siku ya pili hupashwa moto tu. Maji ya bugali huwekwa juu ya makala yaleyale kabla hayajawa majivu. Kumwambia mama huyu kwamba sombe ni chakula cha gharama nafuu ni kumwambia nusu ya habari.

Kuna pia ubanaji usiopaswa kufanywa, na lazima niuseme wazi. Muhogo mchungu una sumu ambayo hutoka kwa kulowekwa siku kadhaa. Njaa ikibana, au wanunuzi wakisukuma, watu hukatisha siku za kuloweka. Magharibi mwa Kongo, katika eneo la Kwango, madaktari wa kikoloni walieleza tangu miaka ya 1930 ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na kwa maisha yote, na uchunguzi wa baadaye uliufungamanisha na muhogo usiolowekwa vya kutosha pamoja na mlo wenye protini haba. Ndagala wachache juu ya bugali si kionjo tu. Ni sehemu ya kinga. Nyumba inayowaondoa ndagala ili kuokoa franga, na wakati huohuo kula unga wa haraka, inajiweka hatarini mara mbili.

Tokyo, mwaka 1904, Hani Motoko, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya uandishi wa habari nchini Japani, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo. Wazo lake lilikuwa kwamba familia igawe kipato kabla ya mwezi kuanza: kiasi hiki cha chakula, hiki cha nyumba, hiki cha elimu, kisha iandike kila siku kilichotumika na kulinganisha. Ninaiheshimu sana kazi hii. Ilimpa mwanamke kalamu juu ya pesa za nyumba, na ikamfanya azungumze na mumewe kwa tarakimu badala ya malalamiko. Mpaka leo Wajapani wanayatumia madaftari hayo, na vitabu juu yake vimesambaa Ulaya na Marekani.

Lakini daftari la Hani linasimama juu ya nguzo moja: mshahara unaojulikana, unaofika siku inayojulikana. Uvira, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu, mwendesha pikipiki, muuza maandazi na mvuvi hupata leo cha leo. Wapo wenye mshahara, walimu na watumishi wa serikali, ambao siku yao ya kulipwa huijua wenyewe kwa matumaini tu. Pesa ya chakula hutolewa asubuhi, na kiasi chake huamuliwa na jana. Ukurasa wa bajeti ya mwezi ungejaa alama za kuuliza. Na pesa zenyewe si za aina moja: franga ya Kongo, dola, na franga ya Burundi huzunguka soko moja, na kiwango kikiyumba Bujumbura, bei ya nyanya mtaani Kavimvira huyumba nacho.

Pesa ya siku hununua kwa kipimo cha siku. Unga kwa kopo, mafuta kwa kichupa, makala kwa mfuko mdogo, chumvi kwa kijipakiti. Nairobi wana jina lao, biashara ya kadogo, na Tanzania mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kikombe kwenye kila genge. Muuzaji wa rejareja hafanyi dhambi. Naye amefungua gunia kwa mkopo na anaishi kwa tofauti ile. Ila aliye na kidogo ndiye analipa zaidi kwa kila kilo, kila siku, mwaka mzima. Daftari haliponyi ugonjwa huu. Litamwonyesha mama, kwa wino, kwamba angeokoa pesa kama angenunua gunia, jambo alilolijua kabla hajashika kalamu.

Kinachomsaidia ni likelemba. Wanawake kumi, tuseme, kila mmoja huweka kiasi kilekile kila siku ya soko, na mmoja hupokea chote kwa zamu. Tanzania ni upatu au mchezo. Kenya ni chama. Wengi hudhani kazi yake ni kupata mtaji au kununua kitenge. Ukiitazama kwa jicho la sufuria, utaona ni mashine ya kugeuza pesa ya siku kuwa pesa ya gunia. Anayepokea zamu yake siku za giza anaweza kuchukua mabeseni kadhaa ya ndagala, kuyaanika, kula baadhi na kuuza mengine siku za mwezi. Anayepokea wakati wa mavuno ya mpunga hununua gunia la bondeni. Ndiyo maana mpangilio wa zamu huwa jambo la mazungumzo marefu, na wanawake hubadilishana nafasi: wewe chukua yangu ya Machi, nipe yako ya Juni. Wengine hawapokezani pesa kabisa. Hununua gunia pamoja, wakaligawa kwa kopo lilelile la sokoni, na faida ya rejareja ikabaki kati yao.

Kivu ya Kusini imeongeza ngazi juu ya hapo. Vikundi vya MUSO vina kasha la kijani la akiba na mikopo, na kasha jekundu la msaada, la msiba na ugonjwa. Nimeona kasha jekundu likidharauliwa na wafundishaji wa uwekezaji kama pesa iliyolala. Wamekosea. Kinachovunja mpango wa chakula wa familia maskini mara nyingi si uzembe wa mama bali homa ya mtoto usiku wa manane: pesa ya gunia huenda zahanati, na nyumba hurudi kwenye kopo. Kasha jekundu hulinda gunia.

Pwani ya Waswahili ina busara ya karibu sana na hii. Kusi linapovuma kwa nguvu na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, ng'onda aliyetiwa chumvi na kuanikwa wakati wa bahari tulivu ndiye huingia kwenye mchuzi wa nazi, na muhogo haukosi kitoweo. Miji hiyo pia hukusanya polepole kabla ya Ramadhani, sukari, tende, unga, mchele, kwa sababu kila mtu anajua bei zitapanda kila mtu akinunua siku moja. Tofauti ni kwamba kusi huja mara moja kwa mwaka na Ramadhani mara moja, ilhali mwezi wa Tanganyika humtahini mama kila siku 29 au 30.

Kuna watu wa pwani yetu ya ziwani waliolazimishwa kujifunza mpango wa aina nyingine. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na wengi wa wakazi wake wa mwanzo walitoka Fizi, Uvira na vijiji vya jirani. Huko mgao ulikuja kwa vipimo vilivyohesabiwa kwa kalori: unga wa mahindi, kunde za aina fulani, mafuta, chumvi. Mtu aliyekuwa na kalenda nne kichwani akabaki na moja, siku ya mgao. Na siku hiyo haikuwa mkononi mwake. Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likiwa limekosa fedha, lilishusha mgao wa wakimbizi nchini Tanzania hadi asilimia 62 ya mahitaji ya siku. Hapo kupanga huwa ni kuamua nani ale kidogo zaidi. Kinshasa nako wamelifikia jambo hilihili bila kambi: familia hula mara moja kwa siku, au watoto wakubwa leo na wadogo kesho, na wamekopa maneno ya kukatwa kwa umeme kulisema. Sipendi kuona hali hiyo ikisifiwa kama ubunifu wa wanyonge. Mtoto aliyerukwa leo amerukwa.

Tangu 1857 Mjerumani Ernst Engel, akitumia hesabu za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa zake huishia kwenye chakula. Miaka ya 1960 Mollie Orshansky, mtumishi wa serikali ya Marekani, aliweka mstari wa umaskini kwa kuchukua gharama ya mpango wa chakula wa bei ya chini na kuizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa 1955 ulionyesha familia za Marekani zilitumia kama theluthi ya kipato kwa chakula. Jaribu kuzidisha mara tatu kapu la mbeba mizigo wa Kalundu: utapata nyumba ambayo haipo. Chakula kimekula karibu kila kitu, kwa hiyo kila franga inayookolewa sokoni ni ada ya shule ya mtoto fulani. Ndiyo sababu nalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko mapishi.

Na kalenda zote hizi hutegemea kitu kimoja, kubaki nyumbani. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, barabara ya bondeni ikawa ya wakimbizi na wanajeshi. Desemba mwaka huohuo vita vikaifikia Uvira yenyewe, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Burundi. Gunia halibebeki mgongoni pamoja na mtoto. Hofu ikikaribia, mwenye akili huacha kununua kwa jumla, hurudi kwenye kopo, huweka noti ndani ya nguo. Anajua analipa zaidi kwa kila kilo. Vita huuza amani ya siku moja kwa bei ya rejareja, na likelemba ikivunjika katikati ya mzunguko, waliochangia bila kupokea hawana wa kumdai. Wanaohesabu hasara za vita huhesabu nyumba na ng'ombe. Mzunguko wa likelemba uliokatika hauandikwi.

Ziwa nalo limechoka. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha kwamba Tanganyika inapopata joto, maji yake huchanganyika kidogo zaidi, virutubisho vya chini havipandi, na uzalishaji hupungua. Walikadiria kwamba samaki wanaoweza kuvuliwa wamepungua kwa kama asilimia 30. Kuacha ndagala wazaane ni jambo la haki kwa watoto wetu, nami naliunga mkono. Kwa ajili hiyo nchi za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Lakini tarehe hizo ziliwekwa kwa kalenda ya ofisi, na sufuria hufuata nyingine. Mwaka ule mwezi mchanga wa mwisho kabla ya kufungwa ulikuwa 8 Mei, kwa hiyo mama mwenye pesa alikuwa na siku chache nzuri za kununua na kuanika. Uvuvi ulipofunguliwa 15 Agosti, mwezi ulikuwa umebakisha siku nne kujaa. Giza la kuvua kwa taa lilirudi mwishoni mwa mwezi huo. Miezi mitatu ya amri ikawa karibu mitatu na nusu jikoni. Tarehe hiyohiyo ikiwekwa katika mwaka kama 2025, hali ni mbaya zaidi: mwezi mchanga wa kabla ya 15 Mei ulikuwa 27 Aprili, na mwezi ulijaa 12 Mei, siku ambazo hakuna wa kumwuzia mama beseni. Amri ingeweza kuanza siku tano au sita baada ya mwezi mchanga na kutangazwa miezi mitatu mapema, ili vikundi vipange zamu za likelemba ziangukie giza la mwisho, na chanja ziwe zimekwisha kujengwa.